Bakuli la Tambi Ufukoni Bagamoyo

Mtu aondokaye Dar es Salaam kabla ya alfajiri kwa barabara ya pwani, akapita Tegeta, Bunju na Mapinga ilhali giza halijakatika sawasawa, akaingia Bagamoyo wakati jua linapochomoza nyuma ya matanga ya ngalawa zinazorejea na samaki wa usiku, hana haja ya kuuliza mahali pa kupata staftahi. Moshi humwongoza. Hutoka chini ya mikungu na miembe, kando ya njia iteremkayo kwenye soko la samaki, moshi mwembamba wa mkaa uliochanganyika na harufu ya nazi na iliki, na ukiufuata utafika kwenye banda la makuti lenye nguzo nne za mikoko, majiko mawili, ndoo tatu, na ubao mmoja mrefu wa kukalia ulioegeshwa juu ya mawe ya matumbawe. Mwenye banda ni bibi mtu mzima, mwenye kanga moja kiunoni na moja kichwani, na watu wote wa ufuko ule humwita Bibi bila ya kuongeza jina. Huuza chai ya tangawizi, mbaazi za nazi na maandazi kama wenzake; lakini Ijumaa na Jumamosi hupika tambi, na tambi hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Nataka msomaji azione zinavyopikwa, kwa kuwa jambo hili hudharauliwa na wale wasiopata kulitazama. Kwanza nazi hukunwa, Bibi mwenyewe akiwa amekaa juu ya mbuzi, mguu mmoja ameukunja na mwingine ameunyosha, na machicha yakianguka siniani meupe kama povu la mawimbi. Hukamuliwa kwa kifumbu, tui zito likatengwa peke yake katika kikombe chenye kifuniko, na tui la pili likawekwa kando kwa ajili ya kupikia. Kisha huzivunja tambi kwa mikono miwili juu ya ungo, huzitia katika mafuta machache kwa moto wa taratibu, na kuzigeuza kwa mwiko pasipo kupumzika, maana zikiachwa kwa muda wa mtu kuitikia salamu huungua upande mmoja na kubaki mbichi upande wa pili. Zikisha kupata rangi ya ngozi ya karanga, ndipo hutia tui la pili, sukari, iliki aliyoitwanga papo hapo, na chumvi kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Hufunika, hupunguza moto wa chini, na hupalia makaa juu ya kifuniko, ili zikauke kwa joto la juu na la chini kama wali wa nazi ukaushwavyo. Na mwisho, wakati mvuke ungali unapanda, hunyunyizia lile tui zito, ambalo wazee wetu waliliita kasimile, na wachache leo hulikumbuka jina hilo.

Siku moja, kwa haraka ya mtu wa mjini, nilimwuliza, "Shikamoo Bibi. Mbona huzichemshi kwa maji zikaiva upesi?"

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu pasipo kuinua macho sufuriani. "Maji huzilaza. Tambi yataka isimame."

Neno hilo, isimame, lilinirudisha mbali sana, kwa kuwa nililisikia utotoni katika kinywa cha mtu mwingine, juu ya tambi za aina nyingine, zilizoliwa katika bandari nyingine. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia wa meli za mizigo, akafika bandari nyingi za mashariki, na alipokuwa akitusimulia habari za Singapore hakuanza na majumba wala maduka. Alianza na banda. Alisema palikuwa na usiku wa joto baada ya mvua, na mwanamume mmoja wa Kichina, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni, aliyekuwa akizitumbukiza tambi nyembamba za mayai katika maji yachemkayo, akihesabu kimoyomoyo, akizitoa na kuzizamisha katika maji baridi, na kuzirejesha tena katika moto kwa kitambo kidogo, ili zisimame na kuurudishia jino nguvu yake. Juu yake aliweka mboga za majani na vifurushi vya unga vilivyo laini mno hata kilichomo ndani kikaonekana kama kitu kilichofunikwa kwa shashi. Mjomba alikuwa mtu wa swala tano, akauliza kwanza nyama ya ndani ni ya mnyama gani, maana Wachina aghalabu hutia nguruwe. Mpishi akamwelekeza kwa mkono banda la jirani, ambako vifurushi vilikuwa vya kuku na kamba. Chakula hicho huitwa wantoni, na namna Wakantoni waliandikavyo neno hilo maana yake ni kumeza mawingu.

"Nilikula," mjomba alikuwa akisema kila mara alipofika mwisho wa kisa, "nimebanwa baina ya mchukuzi wa bandarini na karani mwenye tai, na hapana aliyeniuliza mimi ni mtu wa wapi."

Nimefikiri sana juu ya mabakuli haya mawili, la mjomba na la Bibi, na kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyoona kwamba udugu wao ni mkubwa kuliko tofauti zao. Hakuna haja ya kudai kwamba tambi zetu zilitoka Uchina. Njia zilizopitia ni nyingine, na historia yake ni njema kuijua. Mwaka 1154 Al-Idrisi, mwanachuoni wa jiografia aliyemtumikia Mfalme Roger wa Sisilia, aliandika kuwa katika mji wa Trabia kisiwani humo kulitengenezwa tambi kavu zilizoitwa itriya, zikapakiwa majahazini na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Jina hilo la Kiarabu halikufa: Wasomali jirani zetu hadi leo tambi zao za sukari huziita kwa neno lililozaliwa nalo. Watu wa Ghuba hupika tambi tamu kwa iliki na zafarani, wakafunika juu yake mayai ya kukaanga, na kuzila asubuhi ya Idi. Waislamu wa Bara Hindi huzipika kwa maziwa na zabibu siku hiyo hiyo. Mwambao wetu umekaa katikati ya jamaa hawa wote, na kilichoongezwa na mkono wa Mswahili ni nazi.

Uchina, kwa upande wake, ulituletea bakuli. Kama kilomita 5 kusini ya mji wa Bagamoyo yako magofu ya Kaole, na humo msikiti ambao wataalamu wa mambo ya kale huuhesabu kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Katika nguzo za namna hiyo, hapo Kaole na kadhalika Kunduchi, wazee wa zamani walipachika mabakuli na sahani za kaure za Kichina ziwe pambo na taadhima kwa marehemu wao, na mpaka leo mgeni huweza kutia kidole katika tundu la mviringo ambamo bakuli lilikaa. Mimi nilifanya hivyo, nikaona chokaa ya tundu ni laini kama ndani ya kikombe. Niliporudi mjini jioni, nikaosha mkono na kupewa chakula na Bibi, niligeuza bakuli lake baada ya kulimaliza: lina maua ya buluu, limepasuka ukingo mahali pawili, na chini ya kitako chake pamepigwa muhuri wa herufi za Kichina. Nalo limefika kwa bahari, kama yale ya Kaole, isipokuwa hili bado lina kazi.

Ajabu yangu, na ndiyo sababu ya makala haya, ni kwamba bakuli la kaburini lina mlinzi, na bakuli la ubaoni halina. Tangu mwaka 2006 Bagamoyo imo katika orodha ya awali ya UNESCO, miongoni mwa vituo vya ile njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe iliyotoka pwani hadi Ujiji, na kila anapokuja mgeni wa cheo hupelekwa kutazama Ngome Kongwe, Nyumba ya Forodha iliyojengwa na Wadachi mwaka 1895, misheni ya mapadre iliyoanza mwaka 1868, milango ya nakshi, na kambi ya misafara. Sina neno juu ya hayo. Mawe yale ni amana, na aliyeyaacha yakabomoka atakuwa amewakosea waliofungwa minyororo juu yake. Lakini msafara haukuwa mawe. Msafara ulikuwa watu, wapagazi kwa maelfu, walioshuka kutoka Unyamwezi baada ya miezi ya mwendo, mabega yao yamechubuka kwa pembe za ndovu, na wengi wao hawakuwa na jiko wala mke wala jamaa katika mji huu. Watu hao walikula. Palikuwa na mtu aliyekoka moto, akapika, akapakua, akapokea malipo yake ya shanga au nguo au pesa, na siku ya pili akafanya vivyo hivyo kwa kundi jingine. Naam, mji huu uliishi kwa kulisha wapita njia kabla haujaishi kwa jambo lolote lingine la kuandikwa vitabuni, na ulipovuliwa makao makuu ya serikali ya Kidachi mwaka 1891, yakahamishiwa Dar es Salaam, jiko halikuhama.

Huo si mtindo wa Bagamoyo peke yake. Ibn Battuta alipopita mwambao huu mwaka 1331, kabla ya kufika Kilwa, kitu alichokieleza kwa urefu Mogadishu ni sinia: wali uliopikwa kwa samli na kitoweo juu yake cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoletwa pamoja na achari ya limau, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Msafiri yule alikuwa kadhi na mwanachuoni, ameona makasri ya nchi nyingi, na hakuona haya kuandika habari za achari. Tena hapa hapa kwetu, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda aliyepelekwa Berlin kufundisha Kiswahili, alipokusanya habari za desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1903, alielewa kwamba chakula ni sehemu ya desturi sawasawa na ndoa na matanga. Basi wale wenye mamlaka ya kuandika urithi wa mji huu leo wasiwe na haya zaidi ya kadhi na mwalimu.

Wenzetu wamekwisha kututangulia. Singapore, ambako mjomba alikula kando ya njia, walianza kuwaandikisha wachuuzi wa vyakula mwishoni mwa miaka ya 1960, na baina ya 1971 na 1986 wakawajengea majengo maalumu yenye paa, mabomba ya maji, mifereji na meza, wakawahamishia humo wote. Leo majengo hayo ni zaidi ya 100, na mwezi Desemba 2020 UNESCO iliuandika utamaduni huo wa kula mabandani katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika kwa mkono. Mwaka uliofuata Kenya ilisifiwa na shirika hilo hilo kwa juhudi zake za kuhifadhi vyakula vya asili. Wala hatuna haja ya kwenda mbali, kwa kuwa ng'ambo tu ya maji, Unguja, bustani ya Forodhani ilipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2009, wauza pweza, urojo na maji ya miwa walirudishiwa nafasi yao mbele ya bahari, wakapewa mwanga na mahali pa kupanga meza, na hivi sasa mgeni wa Mji Mkongwe akirudi kwao hutaja Forodhani kabla hajataja Ngome.

Wapo watu wa heshima wasemao kwamba mabanda ni uchafu, huziba njia na kueneza maradhi. Hoja hiyo siidharau, maana niliishi Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka, nikaona majirani wakibebwa, na nikaona wauzaji wa vyakula vya barabarani wakizuiwa biashara yao. Lakini tutazame ugonjwa unapoingilia. Tambi zilizokaangwa, zikachemka katika tui, zikakaushwa kwa makaa juu na chini, hazina mahali pa kuuficha. Unaingilia katika maji ya kuoshea bakuli, na katika mikono ya mtu asiye na choo cha karibu. Bibi huchota maji yake kwa madumu katika bomba la nyumba ya jirani, mwendo wa kupanda kilima kidogo cha mchanga, na kila dumu hulilipia. Kwa hiyo huyapima maji kama mtu apimavyo mafuta ya taa, ndoo ya kwanza ya kutoa makombo, ya pili ya sabuni, ya tatu ya kusuuza, na hayamwagi mpaka yawe hayafai kabisa. Kumlaumu kwa hali hiyo ni kumlaumu mtu kwa kiu yake.

Mwaka 2018 wafanyabiashara wadogo walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000 ili wasibughudhiwe. Mwaka 2021 wakaondolewa kando ya barabara katika miji mingi na kuelekezwa maeneo mengine. Sitaki kuingia katika ugomvi wa amri ipi ilikuwa bora. Nasema tu kwamba kitambulisho hakitoi maji, na kuhamishwa hakutoi maji, na mpishi wa pwani akipelekwa mahali pasipopita mvuvi wala mchukuzi wala mwanafunzi ni kama nyavu kutandazwa juu ya kilima. Jiko la namna hii huishi kwa njia iliyo mbele yake. Liondoe njiani, nalo litazimika katika juma moja.

Na jambo hili lina haraka yake. Mwaka 2013 yalitiwa sahihi makubaliano na Wachina ya kujenga bandari kubwa huku kwetu, Mbegani, kisha mambo yakasimama, na kila baada ya muda habari yake hufufuka. Iwapo siku moja itajengwa, nchi nzima itahesabu gati, makontena na kina cha maji. Nani atahesabu mabakuli? Wachukuzi, makuli, madereva, mafundi wa kulehemu na mabaharia wa mataifa yote watakaa wapi saa kumi na mbili asubuhi, na watalishwa na nani, kwa bei gani? Bakuli la Bibi halizidi nauli ya bodaboda ya humu mjini. Mkahawa wa vioo hautawauzia kwa bei hiyo, wala hautakuwa na ubao ambao baharia huweza kubanwa baina ya mchukuzi na karani.

Ubao wenyewe una sheria zake, na mimi nimezijifunza kwa kukosea. Mtu akifika husema "Asalaam aleikum" au "Hamjambo" kwa wote, hata asiowajua, na wote huitika; akikosa nafasi husema "Jongeeni kidogo", nao hujongea, wa mwisho akibaki na robo ya makalio juu ya ubao na mguu mmoja mchangani. Aliyemaliza huinuka, hata kama mazungumzo bado ni matamu. Mtoto wa shule hupakuliwa kabla ya mtu mzima, kwa sababu kengele haimngoji. Asubuhi ya Jumamosi iliyopita nilikaa hapo na mvuvi aliyekuwa na magamba ya changu mikononi, mwanafunzi wa Taasisi ya Sanaa mwenye ngoma iliyofungwa kwa shuka, kijana wa bodaboda, mwalimu mstaafu mwenye kofia ya vito, na mzungu mmoja kijana aliyejifunza kusema "ahsante" na akaisema mara nyingi kupita kiasi, mpaka mwalimu akamwambia kwa upole kwamba mara moja yatosha. Mvuvi na mwalimu walibishana kama kusi itawahi mwaka huu. Kijana wa bodaboda alimlipia mwanafunzi. Sikuona mahali pengine popote mjini, si msikitini, si afisini, si mahakamani, ambapo watu hao sita wangekaa bega kwa bega kwa robo saa.

Ninachotaka, basi, ni kitu cha kuonekana kwa macho. Bomba moja la maji ya kulipia kwa bei ya serikali penye mteremko wa soko la samaki, na mfereji wa kuyaondoa. Choo kinachofungwa na kufunguliwa na mtu anayelipwa. Paa la makuti au bati juu ya mahali pa kukaa, lisiloziba upepo. Na mistari ya mabanda katika ramani hiyo hiyo ya urithi inayoonyesha ngome na forodha, ili siku ya kupanga barabara au hoteli, mpimaji ayakute yameandikwa. Wapishi wenyewe waulizwe kabla ya mkandarasi kuulizwa. Mtu aliyepika mahali pamoja kwa miaka mingi anajua jua linapogeukia na mvua inapopigia, na anajua kwamba jiko likielekezwa kaskazini wakati wa kaskazi, moshi wote utaingia machoni mwa walaji.

Jumamosi ile nilipoinuka, Bibi aliliosha bakuli langu mbele yangu kwa taratibu yake ileile, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akalifuta kwa kipande cha kanga safi na kupakua ndani yake tambi za mtu aliyenifuata. Mjukuu wake wa kike, aliyekuwa akikuna nazi, aliacha mbuzi, akaokota dumu tupu na kuanza kuupanda mchanga kwenda kwa jirani. Jua lilikuwa limekwisha fika juu ya mikungu. Dumu la pili lilikuwa na maji chini ya nusu, na watu wanne walikuwa wamesimama nyuma ya ubao wakingoja nafasi.